Nyota Tano za Kibati

Siku ile mjinga alikuwa mimi. Nalisema mapema, msije mkachoka kumtafuta.

Wiki iliyopita mliniacha mbele ya mlango wa nyumba yetu ya Ndosho, hapa Goma, toga ya kuhitimu begani, mbuzi ameshaliwa, wageni wanajifuta midomo, na mama yangu ananiuliza mbele ya majirani wote: "Sasa, Akonkwa, kazi inaanza lini?" Mliocheka, chekeni tena. Wiki hii jibu lilikuja lenyewe, kwa simu, na nililikatia laini.

Kwa aliyefungua gazeti leo: mimi ni Akonkwa, licencié, mwenye shahada ya maendeleo ya vijijini, mtu ambaye kijiji alikisoma kwenye karatasi. Mama yetu ni Clotilde, mjane kutoka upande wa Bukavu, Mkatoliki wa misa ya kwanza. Mdogo wangu ni Joviale. Miaka mitatu iliyopita Joviale alimaliza sekondari na diploma yake ikawa na asilimia zilizozipiga zangu chini. Lakini nyumba ilikuwa na nguvu ya kusomesha mmoja tu, na mimi nilikuwa nimeshaingia chuo. Tukakaa watatu, tukakata neno: Akonkwa amalize kwanza, apate kazi, kisha Joviale naye aingie.

Joviale alisema, "Sawa, yaya," jinsi kwetu tunavyomwita kaka mkubwa. "Ninangoja."

Kesho yake alfajiri alishika barabara ya Kibati, kijiji cha wakulima nje ya mji, kwenda kununua makabichi ya kuuza soko la Virunga. Ameishika barabara hiyo hadi leo.

Chuo kinaandikisha wapya mwezi wa kumi. Sisi tulikuwa mwezi wa tisa. Nisipopata kazi, Joviale anangoja mwaka wa nne. Mambo yalikuwa hayo, hayana mafumbo.

Basi tangazo likatoka. Chama cha wakulima, Udongo Mwema, chenye biro, yaani ofisi, mtaa wa Himbi, kinatafuta animateur mmoja wa barabara ya Kibati: mtu wa kukaa na wakulima, kuwasikiliza, kuwapanga. Dosye, yaani barua na CV, zifike kabla ya Ijumaa saa sita. Diploma ya sekondari inatosha; licence ni nyongeza.

"Nyongeza!" nilimwambia mama. "Mama, mimi ni nyongeza kutoka kichwani mpaka kwenye kisigino."

"Amina," mama akasema, akaendelea kuchekecha unga wake.

Barua ya kuomba kazi niliandika kwa saa moja. Ilibaki CV. Na mimi, pamoja na ile toga, sikuwa nimewahi kuwa na CV hata ya kuazima.

Alhamisi asubuhi nikaenda kwa Muzee Buhendwa.

Muzee Buhendwa ana bureautique pale Katindo: chumba cha mbao, kompyuta mbili, mashine ya kuchapisha, na jenereta inayokohoa kama mvuta tumbaku. Ukutani amefunga kamba ya kuanikia nguo, na kwenye kamba amebana CV tatu kwa vibanio, kama kaptula zinazokauka.

"Mutoto wa Clotilde! Ingia. Unataka modele gani?"

"Nzuri."

"Zote ni nzuri. Hata suruali zote ni nzuri, shida inakuwaka kwa kiuno cha mutu." Akanyanyua rula kama mwalimu. "Hii ya kwanza ni ya tarehe. Mwaka kwa mwaka, unaanza leo unarudi nyuma. Hii ya pili ni mchanganyiko, tarehe kidogo, maneno kidogo. Na hii ya tatu..."

Akashusha sauti, kama padri anayefika pale pa kuinua hostia.

"Hii ni ya Célestin."

Nilimjua Célestin. Nani hamjui? Miaka miwili iliyopita aliingia mle ndani na viatu vyenye tope, akatoka na karatasi yenye bande ya bluu, mstari mpana wa pembeni, na wiki ya tatu akawa logisticien, msimamizi wa magari na mizigo ya shirika. Leo anapita Katindo ndani ya gari lenye antena ndefu kama fimbo ya mchungaji wa Masisi, na watoto wanamkimbilia nyuma. Tangu siku ile hakuna kijana aliyeingia kwa Buhendwa akaomba CV. Wanaingia wanaomba bahati. "Muzee, nitie kwa ile ya Célestin." Buhendwa anafuta jina la aliyetangulia, anaandika lako. Wanasema kuna mama aliyeipeleka ya mwanawe kwa padri ikanyunyiziwe maji.

Mimi nilikuwa msomi. Nilikataa ushirikina.

"Tuanze na ya tarehe," nilisema. "Mtu asiogope miaka yake."

Buhendwa akapasua vidole, akaanza. "Mwaka huu na ule uliopita?"

"Nasoma."

"Mbele ya hapo?"

"Nasoma."

"Na mbele ya hapo?"

"Nasoma pia. Lakini sekondari."

"Wakati wa vakansi?"

"Napumzika kusoma."

Akaondoa mikono kwenye kompyuta. Wateja wawili waliokuwa wanangoja fotokopi wakaacha kuongea.

"Mutoto, hii haiko CV. Hii ni bulletin ya shule. Inabaki tu niandike kama ulikuwa na adabu darasani."

Wateja wakacheka mpaka jenereta ikaonea wivu.

"Hakuna hata siku moja ulibebaka kitu?" Buhendwa akauliza, sasa kwa huruma, ambayo ilikuwa mbaya kuliko kicheko.

"Nilibeba mémoire yangu ya kumalizia chuo kumpelekea profesa."

"Ilikuwa na kilo ngapi?"

Nikamwambia anitie kwa ya Célestin.

Ya Célestin ilikuwa tamu, sitaficha. Bande ya bluu upande wa kushoto. Fasi, yaani nafasi, ya picha. Na badala ya miaka, nyota. Unasema unajua kitu, wanakupa nyota, kama jenerali.

"Tarehe zinakaa wapi?" niliuliza.

"Tarehe ni za polisi. Hapa tunatia uwezo. Sema unachojua kufanya."

Nilifikiri. Jenereta ilikohoa. Nilifikiri tena.

"Nikusaidie," Buhendwa akasema. "Kila mutu anaanzaka na roho ya kufanya kazi pamoja na wenzake."

"Nyota ngapi?"

"Wote wanachukuaka tano."

"Nipe tano."

"Kompyuta?"

"Tano."

Akaniangalia. Ni yeye aliyenichapia mémoire nzima, neno kwa neno, mimi nimekaa pale pale kwenye kigoda namsomea.

"Nitatia ine," akasema, akazihesabu nne. "Mungu naye anasomaka."

"Kiingereza?" akaendelea.

"Tia tatu. Waone sijisifu."

"Mambo unayopenda: kusoma, na kuogelea."

"Muzee, mimi sijui kuogelea."

"Na Célestin hajui. Lakini ukigusa kitu kimoja humu, bahati inatoka. Acha uogelee."

Nikaogelea.

Ikabaki fasi kubwa ya katikati, ile ya kazi yenyewe. "Hawa watu wako na mambo ya Kibati," Buhendwa akasema. "Kibati unajua nini?"

Wasomaji wangu, hapa ndipo naomba muweke chini hicho kikombe cha chai.

Kila jioni, miaka mitatu, Joviale alikuwa anarudi kutoka Kibati na udongo hadi kwenye magoti, anakaa mlangoni, anamhadithia mama. Mimi nilikuwa na daftari langu, nasikiliza kwa sikio moja. Sikio hilo moja lilikuwa limeshiba. Nilijua kwamba wamama wa makabichi walikuwa wanavuna wote siku moja, soko linajaa, kabichi inauzwa bei ya majani, na Joviale akawapanga wavune kwa zamu, kilima hiki Jumatatu, kilima kile Alhamisi. Nilijua kwamba wasukuma-chukudu, wale wa baiskeli za mbao za kubebea mizigo, waligombana na wakulima hadi mawe yakaruka, na Joviale akakaa katikati yao siku mbili, bila kula, mpaka wakapeana mikono.

Nikafungua mdomo wangu, ikatoka sauti ya mdogo wangu.

"Andika: kuwapanga wakulima wa Kibati wavune kwa zamu."

"Nyota?"

"Tano."

"Ingine?"

"Kupatanisha wakulima na wasukuma-chukudu. Tano."

Vidole vya Buhendwa vikasimama. Kabichi anayokula nyumbani kwake ananunua kwa Joviale.

"Mutoto, hii kazi ninaijua. Hii ni ya..."

"Muzee, modele inauliza nani alifanya?"

Akaitazama modele juu na chini. "Hapana. Inauliza nyota tu."

"Jina linakaa wapi?"

"Juu."

"Jina la nani?"

"Lako."

"Basi."

Akachapa. Nilisikia kila herufi ikipigwa, na nilijifanya sisikii.

Kisha picha. Buhendwa ana koti moja la kijivu, limetundikwa kwenye msumari, kwa ajili ya wote. Mrefu analivaa, mfupi analivaa, mnene analivaa mgongo ukiwa wazi na kifua kikiwa cha mkurugenzi. Kwenye kola lina doa dogo la mafuta ya mawese, la ukubwa wa ukucha. Niliuliza kuhusu doa.

"Usiliguse," Buhendwa akasema. "Hata Célestin alipigwa picha nalo."

Nilirudi Ndosho na karatasi yangu ndani ya plastiki, naibeba kwa mikono miwili kama mtoto wa kubatizwa.

Mama aliisifu bande ya bluu. Joviale alikuwa anaosha miguu. Akakausha mikono kwenye kitenge, akaichukua, akasoma. Alisoma polepole, kama mtu anayesoma barua ya msiba.

"Yaya, Kibati uliendaka lini?"

"Joviale, hii ni CV. Haiko ungamo."

"Ninauliza tu."

"Ni mambo ya nyumba moja. Kilicho chako ni changu. Nikipata kazi, nani anaingia chuo? Si wewe?"

Aliangalia tena ile fasi ya katikati.

"Nyota tano," akasema. "Mimi nilifikiri nilifanya ya ine."

Nikacheka. Mimi nilidhani ni utani, na kwa utani wa nyumbani kwetu mimi ndiye bingwa.

"Na hizi dosye, mwisho ni lini?"

"Kesho saa sita. Kwa nini?"

"Ninauliza tu."

Alirudisha karatasi, akamwaga maji ya miguu nje juu ya mawe ya volkeno, akaenda kulala. Mjinga akabaki anatazama picha yake.

Ijumaa saa tatu asubuhi nilikuwa Himbi. Sekretere wa Udongo Mwema, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, anaitwa Bénédicte, akapokea dosye yangu, akaangalia picha, akaniangalia mimi, akaangalia picha tena.

"Koti umeliacha wapi, papa?"

"Linafuliwa," nilijibu, kwa tabasamu la mtu mwenye makoti.

"Mm," akasema, akapiga kashe, ule muhuri wa biro. "Lifueni vizuri kwenye kola."

Nilitembea kwa miguu mpaka Ndosho nikiwa na furaha. Nilisema moyoni: atanikumbuka. Katika watu wote, ameliulizia koti langu!

Siku zikapita. Nikaanza kuongea kama mtu wa biro. Mama akinituma maji, nasema, "Tutaona namna ya kufanya." Joviale alikuwa anaondoka alfajiri na kurudi jioni, ananipita mlangoni kama anavyopita nguzo ya umeme.

Jumatano simu ikalia. Namba siijui. Nikakohoa, nikashusha sauti hadi tumboni.

"Allô, Akonkwa anasikiliza."

"Papa Akonkwa, mimi ni Bénédicte, wa Udongo Mwema."

Nikamwashiria mama kwa mkono azime redio. Mama akazima redio, akapiga na ishara ya msalaba.

"Mama Bénédicte! Nilikuwa ninangoja simu yenu."

"Kumbe? Alikuambia?"

"Nani?"

"Joviale. Tunakupigia juu ya dosye yake. Ametia jina lako kama personne de référence, mutu wa kuuliza habari zake. Uko na dakika moja?"

Nilikaa chini. Hapakuwa na kiti.

"Joviale gani?" niliuliza, kwa sauti yangu ya kawaida, ile nyembamba.

"Mudogo yako. Alileta dosye yake ile Ijumaa, saa sita kasoro. Karatasi moja tu, ya tarehe. Mwaka wa kwanza, Kibati, makabichi, alifanya hivi. Mwaka wa pili, alifanya vile. Ametia majina ya vilima na mwezi wenyewe. Na chini ametia wewe."

"Na... na dosye yangu?"

Nikasikia miwani inagonga meza.

"Papa, tulipokea dosye makumi ine na moja. Makumi tatu na ine zina bande ya bluu, na picha ni koti moja la kijivu lenye doa. Wote wanaogelea. Presida wa chama aliuliza kama ni kwaya."

Mama alikuwa ananitazama, anangoja nicheke kwa furaha. Nikamwonyesha meno.

"Lakini yako hatukuitupa," Bénédicte akaendelea, na sauti yake ikabadilika. "Yako na ya mudogo yako ziko hapa mbele yangu, pamoja. Zinasema kazi moja. Zamu za mavuno, ugomvi wa machukudu. Yeye ametia miaka, wewe umetia nyota. Mmoja wenu alikuwa Kibati, mwingine aliiba. Tukijua mwizi ni nani, dosye yake inatoka kwa orodha. Na sheria ya hapa ni kuuliza shahidi."

"Shahidi ni nani?"

"Ni wewe, papa. Joviale hakutia mwingine."

Nilitazama juu. Bati lina tundu moja dogo, jua lilikuwa linapita. Nilitamani kupita humo.

"Kwa hiyo swali ni moja," Bénédicte akasema. "Kati yenu wawili, nani alikuwa Kibati?"

"Allô? Allô? Mama, rezo inakata..."

"Mimi nakusikia vizuri sana."

"Allô?"

"Nitarudi kupiga saa tisa. Saa tisa kamili tunafunga orodha."

Nikakata. Rezo ya simu siku hiyo, mashahidi wote wa mtaa wanajua, ilikuwa safi kama maji ya mvua.

Saa nane na nusu Joviale akaingia. Alirudi mapema siku hiyo. Aliweka gunia la makabichi chini, akaangalia uso wangu, akaangalia wa mama, akajua.

"Wamepiga," akasema.

"Umeniua!" nilianza. Sikusubiri anywe hata maji. "Mdogo wangu wa tumbo moja! Umekwenda nyuma yangu kama mwizi!"

"Nyuma yako? Yaya, ni wewe ulikuwa nyuma yangu. Mimi niko mbele kwa hiyo barabara miaka tatu."

"Tulikubaliana hapa hapa! Mimi napata kazi kwanza, kisha wewe unaingia chuo."

"Tulikubaliana unapata kazi. Hatukukubaliana unachukua yangu."

Mama akainua mikono. "Ngojeni, ngojeni. Joviale, mama yangu, nisikilize. Nafasi ni moja?"

"Moja."

"Basi mwachie kaka yako. Tulimwalika padri. Tulichinja mbuzi. Mtaa mzima unajua ni yeye anatafuta kazi. Wewe ungoje kidogo tena. Wewe umezoea."

Joviale aliingia ndani akatoka na karatasi mbili, nakala za dosye zetu. Moja ilikuwa yangu, yenye bluu. Nyingine nyeupe tupu, maandishi meusi, haina picha. Akaziweka zote kwenye mapaja ya mama.

"Soma, mama. Fasi ya katikati."

Mama alivaa miwani yake ya Zaburi. Alisoma nyeupe. Alisoma ya bluu. Alirudi kwenye nyeupe. Midomo yake ilikuwa inatembea.

"Akonkwa."

"Mama."

"Wewe Kibati ulikwenda mara moja. Siku ya kilio cha Mama Umuhire. Ulitapika kwenye gari kwenda na kurudi."

"Mama, modele haiulizi..."

"Mimi ninauliza."

Nikageukia kwa Joviale, maana kwa mama hapakuwa na njia. "Na kwa nini umetia mimi shahidi? Si ni mtego huo? Ulitaka nichekwe mbele ya watu?"

"Ijumaa asubuhi nilienda kwa Muzee Buhendwa," akasema. Alikuwa ametulia, na utulivu wake ulinikera. "Akaniuliza: unataka ya Célestin? Nikamwambia hapana, nipe ya tarehe, mimi tarehe ninazo. Tulipofika chini akaniuliza: nani anajua kazi yako vizuri, tumtie hapa? Nikafikiri wamama wa Kibati. Nikafikiri wasukuma-chukudu. Halafu nikamwambia: tia yaya. Yaya ameieleza vizuri kuliko mimi. Na amenipa nyota tano."

Mama akaficha mdomo kwa kitenge. Sijui kama alikuwa analia au anacheka. Mama yangu ana machozi yanayofanana na kicheko.

Ningenyamaza hapo, ningekuwa na heshima kidogo ya kuwauzia leo. Sikunyamaza.

"Sawa! Sawa! Nikisema ni wewe, wanatoa dosye yangu, wanasema mimi ni mwizi. Himbi ni ndogo, Goma ni ndogo! Kesho Katindo yote inajua. Kazi gani nitapata tena? Nikisema ni mimi, angalau mmoja wa nyumba hii anaingia kazini na licence yake, na wewe mwezi wa kumi unaingia chuo. Wewe unashinda pia! Fikiri kwa akili!"

"Nimefikiri. Nikipata kazi mimi, chuo ninajilipia mwenyewe, jioni. Sihitaji mutu aingie kwanza."

"Na ukikosa?"

"Nikikosa, nikose kwa jina langu."

Simu ikaanza kulia.

Saa ya ukutani ya mama, ile yenye picha ya mtakatifu, ilionyesha saa tisa kamili. Bénédicte si mtu wa mchezo. Simu ilikuwa mezani kati yangu na Joviale, inatetemeka, inazunguka polepole kama mende aliyelala chali. Hakuna aliyeigusa.

"Joviale," nilisema, na sauti ya tumboni haikuwapo tena. "Mdogo wangu. Niambie basi. Nikiwaambia ukweli, mimi nitakaa hapa nifanye nini? Licencié mzima, na toga, na mbuzi ameliwa. Kila asubuhi wewe unakwenda, mama anakwenda, na mimi? Nitakaa hapa nifanye nini?"

Joviale akaichukua simu, akaifuta vumbi la Kibati kwa kitenge chake, akaniwekea kwenye kiganja ikiwa bado inalia, akanifunga vidole juu yake kimoja kimoja.

"Utangoja, yaya. Mama amesema kweli, mimi nimezoea: miaka tatu niliifanya hiyo kazi ya kungoja, hakuna aliyenipa nyota. Itie kwa CV yako, na tarehe ya leo. Siku ukiimaliza, attestation, cheti cha kazi, nitakusainia mimi."